Nani Atamsahihisha Profesa?

Mwaka 1967 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa kitabu ambacho karibu kila aliyesomea historia nchini amesikia jina lake: History of the Southern Luo, juzuu ya kwanza. Mwandishi wake ni Bethwell Allan Ogot, mzaliwa wa Gem. Ndani yake kuna safari ya vizazi vingi, watu wakitoka kaskazini, wakipita Uganda, wakifika kilima cha Ramogi kule Yimbo, kisha wakisambaa kandokando ya ziwa. Sehemu kubwa ya habari hizo haikutoka kwenye mafaili ya serikali. Ilitoka vinywani mwa wazee wa Nyanza na wa Padhola, mashariki mwa Uganda. Wazee walisimulia kwa lugha zao. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza, ambacho wengi wa rika lao hawakukisoma.

Simlaumu Ogot kwa hilo, na nitaeleza sababu. Lakini kuna swali ambalo limenikaa kichwani tangu nilipokuwa mwanafunzi Maseno. Utafiti ukishaandikwa, unarudi kwa nani? Na ukirudi, kuna mtu anayeruhusiwa kusimama na kusema, "Hapana, hapo sivyo"?

Siku hizi vyuo vikuu vinapenda sana kusema vinashiriki utafiti na jamii. Kuna wiki ya utafiti, kuna mihadhara ya wazi, kuna mabango langoni. Ni jambo jema. Lakini kushiriki si kutangaza. Redio pia inatangaza. Nikiangalia historia ya Maseno naona kwamba elimu imekuwa ikitoka na kuingia langoni kwa zaidi ya miaka mia moja, na iliponoga zaidi ni pale msikilizaji alipokuwa na haki ya kujibu.

Kwa asiyepajua, Maseno ni mji mdogo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kama kilomita 25 kutoka Kisumu. Mstari wa ikweta unapita hapo, na watu hushuka kwenye gari kupiga picha. Ni mpakani pia: upande huu Dholuo, upande ule Olunyore, na sokoni unasikia zote mbili kabla hujamaliza kununua ndizi. Mwaka 1906 mmishonari J. J. Willis wa CMS alianzisha shule hapo. Shule hiyo ikaja kuwapitisha Oginga Odinga, Achieng Oneko, Barack Obama mkubwa, na Ogot mwenyewe. Chuo kikuu kilichelewa sana. Mwaka 1990 chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa jirani viliunganishwa kuwa chuo kishiriki cha Moi, na mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili.

Sasa hebu turudi nyuma kabla ya maprofesa. Desemba 1921, walimu na vijana waliopitia Maseno walikutana na watu wengine huko Lundha, Gem. Wakaunda Young Kavirondo Association. Mwenyekiti alikuwa mwalimu, Jonathan Okwiri, na pamoja naye walikuwa kina Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Walilalamikia kipande, kodi, kazi za kulazimishwa, na hatua ya mwaka 1920 ya kuigeuza nchi lindwa kuwa koloni. Raia hawakukiita chama hicho kwa jina lake la Kizungu. Walikiita Piny Owacho, nchi imesema.

Ona jina hilo. Halisemi "wasomi wamesema". Vijana wa shule walijua kusoma tangazo la serikali na kujua neno koloni lina maana gani kisheria. Wanakijiji walijua kodi inauma wapi. Mmoja bila mwingine asingefika mbali. Kwangu mimi huo ndio mhadhara wa wazi wa kwanza wa Maseno, ingawa haukufanyika ukumbini wala hakuna aliyegawa vyeti vya kuhudhuria.

Kilichofuata kinasahaulika mno. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alitoa Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi. Mwaka 1952 Samuel Ayany akatoa Kar Chakruok mar Luo, kuhusu asili ya Waluo. Mwaka uliofuata Shadrack Malo akatoa Dhoudi mag Central Nyanza, kuhusu koo za Nyanza ya Kati. Vyote vitatu ni kwa Dholuo. Hawa hawakuwa wahadhiri wa chuo kikuu chochote. Lakini walikusanya, wakalinganisha, wakaandika, na mtu aliyesomewa kitabu jioni angeweza kubisha kesho yake asubuhi, kwa sababu alikielewa na kwa sababu mwandishi alijulikana anakokaa.

Kisha utafiti ukahamia chuoni, na lugha ikabadilika.

Hapa ndipo lazima tumtendee haki Ogot. Kutoka Maseno alikwenda Makerere, halafu St Andrews kule Scotland, halafu London kwa shahada ya uzamivu. Wakati huo, wakubwa wengi wa somo la historia waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alisema kwamba katika Afrika kulikuwa na historia ya Wazungu tu, na kwamba yaliyobaki ni giza. Fikiria wewe ndiye kijana wa Gem, una daftari lililojaa masimulizi ya wazee, na hao ndio watakaopima kazi yako. Ogot alikuwa na kesi mbele ya mahakama ambayo hakimu wake anakaa Uingereza. Ilibidi aiendeshe kwa lugha ya hakimu. Na alishinda. Leo hakuna idara ya historia ya Afrika inayoona aibu kutumia masimulizi ya mdomo, na Ogot ni mmoja wa watu waliofanya iwe hivyo.

Lakini masimulizi si jiwe. Chukua suala la tarehe. Mzee hasemi "mwaka 1600". Anasema: mimi ni mtoto wa fulani, mtoto wa fulani, mpaka yule aliyevuka mto. Mwanahistoria anahesabu vizazi, anavizidisha kwa wastani wa miaka, anarudi nyuma. Tuseme mzee wa mwaka 1960 anataja vizazi 12. Ukikipa kila kizazi miaka 25, unafika mwaka 1660. Ukikipa miaka 30, unafika mwaka 1600. Tofauti ni miaka 60, na bado hujauliza kama kuna babu aliyerukwa kwa sababu hakuacha watoto wa kiume, au ndugu wawili waliogeuzwa kuwa baba na mwana. Ndiyo maana kazi hii inataka kulinganisha ukoo mmoja na mwingine, tena na tena. Na ndiyo maana inataka wasikilizaji wabishi.

Nililiona hili kwa macho yangu. Nikiwa mwaka wa tatu nilikiazima kitabu cha Ogot maktabani, nikaenda nacho nyumbani Alego wakati wa likizo. Kwaro, babu yangu, alikuwa amekaa chini ya mwembe na redio yake ya betri. Nikaanza kumsomea, nikitafsiri papo hapo kwa Dholuo. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Tulipofika kwenye habari za sehemu zetu akazima redio.

"Nyakwara, simama hapo," akasema. "Aliyemweleza huyu mwalimu, alikuwa wa mlango gani?"

Nikamwambia, "Kwaro, hiki kitabu kinasomwa mpaka Ulaya."

"Sijauliza kinasomwa wapi. Nimeuliza aliyemweleza ni wa mlango gani. Kwa sababu mtu wa mlango wa mke wa kwanza hukumbuka ardhi kwa njia yake, na wa mlango wa mke wa pili kwa njia yake."

Kisha akanipa habari kama alivyoipata kwa bibi yake, na mpangilio wake ulikuwa mwingine. Kilichonigusa si nani kati yao yuko sahihi. Kilichonigusa ni kwamba swali la Kwaro ndilo swali la kwanza tunalofundishwa darasani kuuliza kuhusu chanzo chochote: nani anasema, na ana maslahi gani? Kwaro alifika darasa la nne tu. Alistahili kuwa kwenye kikao cha kutathmini tasnifu, kusema ukweli.

Usifikiri Ogot hakuliona tatizo hili. Mwaka uliofuata 1967 yeye na J. A. Kieran walihariri kitabu cha historia ya Afrika Mashariki kwa ajili ya wanafunzi, wakakiita Zamani. Chama cha Historia cha Kenya kilianza kuchapisha karatasi za mikutano yake, Ogot akiwa mhariri, na mfululizo huo ukaitwa Hadith. Tazama majina hayo mawili: Zamani, Hadith. Yanabisha hodi mlangoni kwa mtu wa kawaida. Lakini ukifungua ndani, ni Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza. Ni kama duka lenye kibao cha Kiswahili na muuzaji asiyekijua. Hata hivyo kibao kinaonyesha nia ilikuwepo.

Na nia hiyo ilitimia katika nyumba hiyohiyo, kwa mkono mwingine. Mke wake, Grace Ogot, alikuwa mwandishi wa hadithi. Alianza kwa Kiingereza, riwaya yake The Promised Land ikatoka mwaka 1966. Baadaye akaamua kuandika kwa Dholuo, na mwaka 1983 akatoa Miaha, iliyojengwa juu ya masimulizi ya kale ya Waluo. Kiingereza chake kilikuja baadaye, mwaka 1989, kikitafsiriwa na Okoth Okombo kwa jina The Strange Bride. Kwa hiyo bwana alichukua masimulizi akayapeleka kwa Kiingereza ili dunia iyaamini. Bibi akayachukua masimulizi akayaandika kwa Dholuo kwanza, dunia ikasubiri zamu yake. Mimi naona kazi zote mbili zilihitajika. Shida ni kwamba vyuo vyetu vimejifunza kuheshimu ile ya kwanza tu. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala kwenye jarida la kimataifa, na jarida lenyewe mara nyingi litakudai dola 30 au zaidi ili usome makala moja. Habari imetoka Usenge ikaenda ng'ambo, na mtu wa Usenge akiitaka inabidi ainunue.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mhadhara wa wazi katika chuo kimoja, sitakitaja. Mada ilikuwa bei ya omena. Msemaji aliijua kazi yake, projekta ilikuwa safi, na mchoro wake ulionyesha wastani wa bei kwa kila mwezi wa mwaka. Tuliokuwa ukumbini tulikuwa walimu, wapiga picha, na makomredi walioletwa kutia sahihi kwenye orodha. Maswali yakawa matatu, tukaambiwa muda umeisha na chai iko nje.

Nikatoka langoni. Hatua chache tu kutoka pale kulikuwa na mama anauza omena kwa gorogoro. Nikanunua, na kwa sababu mdomo wangu haujui kutulia nikampa stori ya mchoro. Alicheka kidogo.

"Mwanangu, amehesabu kwa mwezi wa kalenda ama mwezi wa juu?"

Nikamuuliza kivipi.

"Omena wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, samaki hawaji. Siku hizo bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Sasa wewe ukichanganya siku za giza na za mwangaza ukagawanya, umepata nini?"

Amepata wastani uliofuta kitu muhimu kuliko vyote. Mchoro ule ungeonyesha vizuri miezi ya Aprili hadi Julai, wakati uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya. Lakini kupanda na kushuka kwa bei ndani ya mwezi mmoja, ambako ndiko kunakoamua kama huyu mama atalipa karo au la, kulikuwa kumefutika. Jibu lilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye projekta. Hakuna aliyemwalika.

Kuna waliojaribu njia nyingine, na wawili wananifaa hapa. Wa kwanza ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1977, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alishirikiana na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuandaa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Gĩkũyũ. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani hawakukaa kimya wasomewe. Walirekebisha lugha ya wahusika, wakasema mzee haongei hivi, mfanyakazi hasemi vile. Serikali ikaizima tamthilia mwezi Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Vitabu vyake vya Kiingereza vilikuwa madukani miaka yote na havikuwa vimemfunga. Kilichotisha ni elimu iliyoweza kujibiwa na watu.

Wa pili ni majirani wa Maseno kabisa. Ukivuka kuingia Bunyore utakuta ukoo wa Nganyi, unaojulikana kwa vizazi kwa kutabiri mvua. Wanasoma miti inayochanua, ndege, wadudu, upepo. Kwa muda mrefu wasomi waliwaona kama mabaki ya ushirikina, na wao wakawaona wataalamu wa hali ya hewa kama watu wa redio wanaokosea kila msimu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 pande hizi mbili zilianza kukutana kabla ya msimu wa mvua. Wanasayansi walileta utabiri wao, wazee wa Nganyi wakaleta wao, wakabishana mpaka wapate kauli moja ya kuwapa wakulima, na kauli hiyo ikatangazwa kwa lugha ya watu. Mwanasayansi anajua joto la Bahari ya Hindi linasema nini kuhusu mvua za nchi nzima. Mzee wa Nganyi anajua bonde hili. Mkulima wa mahindi anahitaji wote wawili, kwa sababu akipanda wiki mbili kabla ya wakati mbegu inakauka, na mbegu ni pesa.

Ninachokipenda katika mfano wa Nganyi ni utaratibu wake. Mazungumzo yanakuja kabla ya tangazo, si baada yake. Kwenye mihadhara yetu tumezoea kinyume: utafiti umekwisha, umechapishwa, umepongezwa, ndipo jamii inaalikwa kuusikiliza. Wakati huo hata ukiwa na la kusema halibadilishi chochote. Ni kama kuitwa kwenye mkutano wa harusi ambayo ilifungwa wiki iliyopita.

Ogot alirudi Maseno uzeeni, na alikuwa profesa mstaafu wa heshima wa chuo hicho hadi mwisho. Mwaka 2009, zaidi ya miaka 40 baada ya kitabu chake cha kwanza, alitoa kingine kikubwa kuhusu watu wote wanaozungumza lugha za Kiluo katika Afrika Mashariki, A History of the Luo-Speaking Peoples of Eastern Africa. Mara hii mchapishaji hakuwa Nairobi wala London. Alikuwa Anyange Press, Kisumu. Mtu mwenye jina kama lake angeweza kutulia na kuacha kitabu cha 1967 kisimame kama mnara. Badala yake aliifungua upya kesi aliyokwisha kushinda, akaipanua, akaichapisha karibu na nyumbani. Alifariki Januari 30, 2025, akiwa na miaka 95.

Bado ni kwa Kiingereza, naam. Lakini ametuonyesha kwamba kitabu cha profesa si neno la mwisho, hata kwa profesa mwenyewe. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tulio na umri wa miaka ishirini na thelathini, tunaojua Kiingereza cha tasnifu na pia lugha ya sokoni, na ambao simu zetu zinaweza kurekodi saa nzima ya mzee akibisha. Sisi ndio wakalimani wa bure ambao kizazi cha Ogot hakikuwa nao kwa wingi.

Kwa hiyo kama wewe ni mhadhiri na unapanga mhadhara wako wa wazi, nina ombi dogo. Kabla ya kuandaa slaidi, pita soko la Luanda siku ya soko, au ufuo wa Dunga asubuhi boti zinaporudi. Eleza ulichokipata kwa dakika kumi, kwa Dholuo, Olunyore au Kiswahili. Halafu nyamaza. Atakayekubishia mwandike jina lake, kwa idhini yake, pale unapowashukuru waliokusaidia, pamoja na alichosema. Na kama wewe ni mwanafunzi uliyeletwa kutia sahihi kwenye orodha, ukiona kiti kitupu karibu nawe, mpigie simu shangazi yako anayejua mambo hayo, umwambie aje.